Nyuki wa Baridi: Arobaini ya Mzazi Jijini London

Tulipofunga mizigo yetu Mombasa, kaskazi ilikuwa imekwisha kushika. Maembe yalijaa sokoni, madirisha ya Mji wa Kale yalibaki wazi usiku kucha, na watu walitafuta upepo mabarazani. Sisi ndugu wawili, ambao hatukuwahi kuvuka bahari ila kwenda Umra, tulikuwa tukikunja sweta za kuazima na soksi za sufu, huku jirani zetu wakitucheka. Safari yetu haikuwa ya matembezi. Binti wa marehemu dada yetu, aishiye London na mumewe, alikuwa akikaribia kujifungua mtoto wa pili. Alipomzaa wa kwanza, mama yake ndiye aliyekwenda kumkalisha arobaini. Mara hii mama hayupo, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ikawa ni juu yetu kuifanya kazi ile.

Tulichukua manjano, hulba, pilipili manga, udi na mafuta ya nazi. Hatukujua kwamba tutarudi na daftari la nyuki.

Jiji lisilo na jua

Mtu wa pwani anapofika London mwezi wa Disemba, kitu cha kwanza kinachompotea ni saa. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, nasi tumeijenga siku yetu juu ya mhimili huo. Kule jua huchomoza saa mbili za asubuhi na kuaga kabla ya saa kumi za jioni. Adhuhuri huingia baada kidogo ya saa sita, Alasiri huifuata kabla ya saa nane, na Magharibi hukukuta ungali na sufuria ya chakula cha mchana mkononi. Aliyezoea kulala kidogo baina ya sala na sala ataamka amepitwa na mbili.

Nyumba ya mwanetu ni orofa ya pili katika jengo la matofali mekundu. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, siku ya sita baada ya sisi kufika. Tulimkanda mzazi kwa maji ya moto, tukampikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, tukamfukiza. Mwili wake ulirudi upesi, alhamdulillahi. Moyo ndio uliokuwa mzito. Alimnyonyesha mtoto akitazama ukuta. Alijibu alipoulizwa, na hakuuliza lolote. Dada yake mtoto, binti wa miaka saba, alijifunza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao wenyewe. Mkunga aliyekuja kumtazama alisema maneno tuliyoyaelewa: azungumzishwe, asiachwe peke yake, na akiweza atoke apate mwanga wa mchana. Mzazi akasema kwamba mama yake hakumruhusu kutoka kabla ya arobaini, na yeye hatatoka. Hatukumlazimisha. Katika neno lile tulisikia kwamba bado anamshika mama yake mkono.

Jirani wa orofa ya chini

Orofa ya chini anakaa bibi mmoja Mwingereza, karani mstaafu, mjane, mwenye kofia ya sufu na viatu vya matope. Alikuja na zawadi ya mtoto, akakaa dakika kumi, na alipokuwa akiondoka akamwambia yule binti mdogo: "Kesho pakiwa na jua, nakwenda kuhesabu nyuki. Mwenye kutaka na aje."

Tulidhani tumesikia vibaya. Nje miti ilikuwa mitupu kama mifupa, na asubuhi ile vioo vya magari vilikuwa vimeganda barafu. Nyuki gani?

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi, na jua lilitoka. Mmoja wetu alibaki na mzazi, mwingine akamshika mtoto mkono, tukateremka. (Tangu siku ile tulikwenda kwa zamu, na haya tunayoyaandika ni ya macho manne.) Bibi alituongoza mpaka bustani ndogo ya umma, mwendo wa dakika saba. Pembeni, chini ya ukuta unaotazama kusini, palikuwa na kichaka kirefu kupita mtu, majani yake magumu yenye miiba, na juu yake vishada vya maua ya manjano vilivyosimama kama mishumaa. Harufu yake ilitukumbusha vikuba vya nyumbani. Kichaka hicho huitwa mahonia. Asili ya aina zake zipandwazo sana mijini ni Asia ya Mashariki, na wapenda bustani wa Uingereza huipanda kwa sababu huchanua wakati ambapo kila kitu kimelala.

Tulisimama kimya. Kwanza hatukuona kitu. Kisha tukasikia mvumo mzito na wa chini, kama wa mtu anayesoma kwa sauti ya puani. Nyuki mnene, mwenye manyoya kama ya paka, alitoka katika kishada kimoja akaingia kingine. Kifuani alikuwa na mshipi wa manjano, tumboni mshipi mwingine, na mkia wake ulikuwa mweupe wenye wekundu hafifu wa udongo. Miguuni mwa nyuma alibeba vidonge viwili vya rangi ya manjano.

Bibi alitazama saa yake, akaandika.

Nyuki walio peke yao

Sisi tulimjua nyuki mmoja, yule wa asali. Bibi alitufahamisha kwamba katika Uingereza zimeandikwa aina zinazokaribia 270 za nyuki, na nyuki wa asali ni aina moja tu kati ya hizo. Nyuki wa manyoya ni aina 24. Waliosalia karibu wote ni nyuki wa pekee: kila jike hujichimbia au hujitafutia tundu lake, huweka chavua na mbochi, hutaga yai, huziba mlango, na huenda zake. Hana malkia wala watumishi.

Wakati wa baridi kila jamii ina hila yake. Nyuki wa asali hawalali: hujikusanya ndani ya mzinga kama watu wanaoota moto, hutetemesha misuli ya mbawa ili kupata joto, na hula asali waliyoiweka majira ya kiangazi. Nyuki wengi wa pekee huwa wangali ndani ya vyumba vyao vilivyozibwa, ama wakiwa mabuu, ama wamekwisha kuwa nyuki kamili wanaongoja ufunguo wa joto. Na nyuki wa manyoya, kwa desturi, hufa wote katika vuli: mama mzee, watenda kazi, na madume. Wanaobaki ni malkia vijana waliokwisha pandwa. Kila mmoja hujichimbia shimo dogo katika udongo, mara nyingi upande usiopigwa na jua ili asidanganywe na siku moja ya joto akaamka kabla ya wakati. Hukaa humo kwa miezi, akiishi kwa mafuta ya mwilini mwake. Taifa zima la mwaka ujao limo ndani ya tumbo lake.

Hiyo ndiyo desturi. Lakini tangu miaka ya 1990, watu wa kusini mwa Uingereza walianza kuona aina moja, ambayo wataalamu huiita Bombus terrestris, ikiruka Disemba na Januari. Haikuwa malkia tu aliyetoka kunywa akarudi kulala. Walikuwamo watenda kazi wadogo, na wana chavua miguuni. Bibi alitueleza kwa nini jambo hilo ni kubwa. Malkia anayekunywa mbochi anajilisha nafsi yake, lakini mbochi haulei watoto. Chavua ndiyo chakula cha watoto. Ukimwona nyuki mdogo amebeba chavua katikati ya baridi, umeona ushahidi wa nyumba usiyoiona: mahali fulani chini ya ardhi kuna mama, na kuna watoto wanaolishwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary hapo London walilifuata jambo hili. Waliweka makundi ya nyuki hao jijini katika misimu miwili ya baridi, 2005 hadi 2006 na 2006 hadi 2007, na katika msimu wa pili kila nyuki alibandikwa alama ndogo inayosomwa kwa mawimbi ya redio kila anapotoka na kuingia. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kwamba nyuki wa baridi waliweza kukusanya mbochi na chavua kwa kasi iliyolingana na ya kiangazi, na mara nyingine kuizidi. Maua ni machache, lakini washindani nao ni wachache, na kichaka kimoja cha mahonia ni karamu. Mashamba ya wazi hayana karamu hiyo, ila bustani za mjini zinayo.

Amana ya kutazama

Watu wanaofanya kazi hii, wengi wao si wanasayansi. Ni walimu, madereva, wastaafu, mama wa nyumbani. Desturi hiyo ni ya zamani katika nchi ile. Kitabu kilichoweka msingi wa elimu ya nyuki wa Uingereza, mwaka 1802, kiliandikwa na William Kirby, padri wa kijiji cha Barham katika Suffolk, aliyekusanya nyuki katika viunga vya parokia yake. Leo wapo wenye chama chao cha kuweka kumbukumbu za nyuki, nyigu na siafu, na upo mfuko wa kuhifadhi nyuki wa manyoya, ulioanzishwa 2006, ambao watu wake wa kujitolea hutembea njia ileile kila mwezi tangu Machi hadi Oktoba na kuhesabu. Bibi wetu hupita njia yake hata miezi iliyobaki.

Daftari lake lilitushangaza. Kurasa nyingi zilikuwa na tarehe, hali ya hewa, na alama moja: sifuri. Tuliuliza kwa nini aandike siku ambayo hakuona kitu. Akasema, "Nisipoandika sifuri, atakayesoma atajuaje kama nyuki hawakuwapo au mimi sikuwapo?" Tulilibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Jumamosi ya pili tulipata fedheha yetu. Bibi alikuwa na mafua, tukaenda wenyewe. Juu ya mtambaazi wa ukutani, penye jua, tulimwona mdudu wa kahawia, umbo na ukubwa wa nyuki wa asali kabisa. Tulifurahi, kwani nyuki wa asali kwa kawaida hungoja joto la digrii 10 au zaidi, na siku ile ilikuwa baridi zaidi ya hapo. Tuliandika kwa wino: nyuki wa asali, mmoja. Mtoto alichora na picha.

Bibi alipoiona picha aliuliza maswali matatu. Mbawa zilikuwa ngapi? Papasi zilikuwa ndefu au fupi? Macho yalikuwa makubwa kiasi gani? Mtoto, ambaye macho yake ni makali kuliko yetu, alikuwa amechora mbawa mbili, papasi fupi kama nukta, na macho yaliyojaa kichwa kizima. Kumbe alikuwa nzi! Nyuki ana mbawa nne na papasi ndefu zenye kiwiko, lakini nzi yule ana mbili tu. Amevishwa sura ya nyuki ili ndege wamwogope, na majike yake huishi baridi yote mafichoni na hutoka siku za jua.

Tulitaka kuuchana ukurasa. Bibi akatuzuia. Alitufundisha kupiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, na kuandika pembeni lililo sahihi. Kisha akatuonyesha makosa yake mwenyewe, ya miaka mingi, yamepigwa mstari vivyo hivyo. Akasema pia kwamba hata yule nyuki wa mkia mweupe wa siku ya kwanza hawezi kuapa juu yake kwa kumtazama tu, kwa sababu watenda kazi wa aina hiyo hufanana mno na ndugu zao wa karibu. Basi yeye huandika majina mawili pamoja, na humwachia mwenye kujua zaidi. Sisi tuliolelewa kuambiwa kwamba ushahidi ni amana, tuliona haya kidogo, maana amana hiyo tulifundishwa upya mbele ya kichaka cha maua.

Nyuki wa kando ya njia

Mwanzoni mwa Januari, mtoto alimkuta nyuki ameanguka kando ya njia, miguu imekunjwa. Alidhani amekufa. Bibi alituambia kwamba nyuki wa manyoya hawezi kuruka mpaka misuli ya kifua chake ifike joto la kadiri ya digrii 30, na kwamba asiyekuwa na sukari mwilini hawezi kujitetemesha akapata joto hilo. Hufa njaa akiwa hatua kumi kutoka kwenye maua. Tulimweka juu ya kiganja ndani ya mtandio. Baada ya muda aliinua mguu mmoja wa katikati, kama mtu anayesema "ngojeni kwanza", ndiyo ishara yao ya kuonya. Miguuni alikuwa na chavua kidogo. Tulimpeleka juu ya mahonia, akatoa ulimi, akanywa. Lakini jua lilikuwa limekwisha kupita nyuma ya majengo, na adhana ya Magharibi ilikuwa ikikaribia kulia katika simu zetu. Tulimwacha pale.

Asubuhi barafu ilikuwa imepiga. Tulimkuta palepale juu ya kishada, mgumu, amekishika.

Mtoto alirudi nyumbani analia, na kilio chake hakikuwa cha nyuki peke yake. Alilia bibi yake, mama wa mama yake, ambaye hakuna mtu aliyemtaja kwa sauti nyumbani mle kwa mwezi mzima. Tulisimama mlangoni hatujui la kusema. Ndipo mzazi aliposhuka kitandani, akakaa sakafuni, akamweka binti yake mapajani.

"Alikuwa na chavua miguuni?" akamuuliza.

"Kidogo, mama."

"Na juzi, na siku za kabla ya juzi, alipeleka?"

"Nadhani alipeleka."

"Basi walioko nyumbani kwake wanakula alichopeleka. Hakikupotea, mwanangu."

Kisha naye akalia, na sisi tukalia, na kitoto kikaamka kikatusaidia. Usiku ule alituomba tumpikie mkate wa sinia kama wa mama yake. Alikula. Tukazungumza habari za marehemu mpaka usiku wa manane, tukacheka pia, maana dada yetu alikuwa mcheshi.

Kutoka

Arobaini ilipotimia tulimwogesha, tukamvika, tukamsomea. Ilikuwa siku ya jua, na baridi kali. Tulimuuliza angependa kwenda wapi kwanza, dukani au kwa rafiki zake. Akasema anataka kukiona hicho kichaka.

Alisimama mbele ya mahonia na mtoto kifuani ndani ya koti. Vishada vingine vilikuwa vimeanza kupukutika. Tulingoja robo saa. Walikuja nyuki watatu, wote wadogo, na mmoja alikuwa amejaza chavua. Yeye ndiye aliyeandika katika daftari siku ile: tarehe, saa, jua, upepo mdogo, watatu, mmoja ana chavua. Mwandiko wake ulitetemeka kwa baridi. Tangu hapo alikuwa akitoka kila siku isiyo ya mvua. Hatudai kwamba nyuki walimponya. Alipata msaada wa mkunga na daktari, alipata dua, na alipata ndugu. Lakini mtu mwenye moyo mzito huhitaji jambo la kumtoa mlangoni, na lake lilikuwa hilo.

Mwezi wa Februari, kabla ya kurudi kwetu, bibi alitupeleka sote kwa treni kwenye vilima vya chokaa vya Surrey, kusini mwa London. Huko kuna vichaka vya miiba vizaavyo matunda meusi madogo wayapikiayo jamu. Matawi yake ya mwaka uliopita hukauka, na ndani yake mna moyo laini kama sifongo. Tulifundishwa kutafuta vijiti vilivyovunjika nchani na vyenye tundu katikati. Vijiti ishirini vilikuwa vitupu. Cha ishirini na moja bibi alikigonga taratibu juu ya kiganja chake cha glavu, wakatoka nyuki wanne wadogo, urefu wao kama punje ya mchele, wanang'aa buluu ya chuma. Walikuwa wamelala kwa kufuatana ndani ya kijiti kimoja, majike na madume, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Huyo huitwa Ceratina cyanea. Zamani alihesabiwa nadra sana. Watu walipojifunza kupekua vijiti wakati wa baridi wameonekana mahali pengi zaidi.

Na hapo bibi alitupa zawadi ya mwisho. Alisema nyuki huyu mdogo ni wa ukoo mmoja na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao katika nchi za joto. Tulitazamana. Nani wa Mji wa Kale asiyemjua yule mweusi mkubwa anayevuma mbele ya uso wako na kutoboa boriti za paa mpaka unga wa mti unaanguka juu ya kitanda? Tumempiga kwa ufagio, tumemziba kwa sabuni, tumemmwagia mafuta ya taa, na hatukuwahi kuuliza ni nani. Tulikwenda mpaka vilima vya Surrey kumjua jirani anayekaa juu ya vichwa vyetu.

Nyuki wale wanne walirudishwa kijitini, na kijiti kikarudishwa kilipokuwa, kimesimama vilevile.

Tuliporudi

Hasara ya kutotazama si ndogo. Uingereza imepoteza takriban asilimia 97 ya malisho yake yenye maua ya porini tangu miaka ya 1930. Nyuki mmoja wa manyoya, Bombus subterraneus, alionekana mara ya mwisho katika nchi ile 1988, na mwaka 2000 akatangazwa kuwa ametoweka. Tunajua mwaka huo kwa sababu palikuwa na watu walioandika walichokiona. Sisi pwani tuna nyuki wa boriti, nyuki wadogo wasiouma, na wengine wengi wasio na jina midomoni mwetu. Wangapi wamekwisha kwenda bila ya mtu kuandika sifuri?

Surat an-Nahl ni ya kumi na sita katika Msahafu, na katika aya ya 68 na 69 Mola anaeleza alivyomfunulia nyuki akae majabalini, mitini, na katika wanayoyajenga watu. Mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha zamani kwamba katika Kiarabu amri ile imekuja kwa umbo la kike. Tuliihifadhi kama kanuni ya nahau. Sasa tukiisoma tunamwona yule mdogo wa mkia mweupe katika baridi ya Januari, amebeba chakula cha watoto. Na tukifika pale palipotajwa majengo ya watu, tunatazama juu, kwenye boriti.

Akina mama wenzetu, kazi hii haitaki safari wala fedha. Chagueni mti mmoja ulio karibu, mwarubaini, mkunazi, au mnazi uliotoa kole. Mtazameni pamoja na watoto robo saa, siku moja ya wiki, saa ileile. Hesabuni mabawa kabla ya kutoa jina. Wekeni bakuli ya maji yenye kokoto, ili nyuki anywe asizame. Mkimkuta nyuki wa manyoya au wa boriti ameanguka kwa uchovu, tone la maji na sukari nyeupe, sukari vipimo viwili na maji kimoja, linatosha. Msimpe asali ya dukani, kwani huweza kumbebea maradhi ya mizinga mingine. Na siku msiyoona kitu, andikeni sifuri.

Juzi mwanetu alitutumia picha kutoka London. Ni ukurasa wa daftari jipya, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka saba, na pembeni mwandiko wa mama yake. Lile la bibi limekwisha kujaa, naye amewanunulia lao. Mstari wa mwisho unasema: mvua, sifuri, kesho tutarudi.